Jirani Aliyefukiza Vitabu

Masika yakikatika, wanawake wa mtaa wetu hutoa nguo makabatini wakazifukiza udi ili zitoke harufu ya unyevu. Jirani yangu alifukiza vitabu. Aliweka chetezo sakafuni, akakifunika kwa lile tenga la fito la kufukizia kanga, kisha akavipanga vitabu juu yake, vimefunguka, migongo juu, kama paa za vijumba vidogo. Ukipita mlangoni kwake baada ya Alasiri ungedhani kuna bi harusi ndani. Kumbe ni riwaya za upelelezi zinakaushwa.

Sasa hayupo. Msibani watu walisema mengi mazuri juu yake. Walitaja ukoo wake, minazi ya wazee wake kule Pangani, mkono wake wa kupika halua, na jinsi alivyokuwa hakosi swala. Hakuna aliyetaja vitabu. Nilikuwepo, nimekaa jamvini pamoja na wanawake wenzangu, na mimi pia sikuvitaja. Niliona haya. Ningevitaja, wangeuliza nilivijuaje, na mimi ni muuza maharage niliyeishia darasa la nne.

Simtaji jina. Kwangu alikuwa Jirani, na mimi kwake Jirani, ingawa alikuwa bibi wa kumwamkia shikamoo. Nyumba zetu hapa Ngamiani zimeshikana. Chumba chake cha nyuma na pembe yangu ya kupikia ukuta wao ni mmoja, na ukuta wenyewe ni wa zamani, umeliwa na chumvi. Asubuhi niliweza kumwamkia nikiwa nimeinamia jiko, akaitika marahaba akiwa kitandani.

Nianze na jambo linalonitia haya zaidi. Siwezi kusoma kimoyomoyo. Nilitolewa shule kabla sijafika huko ambako macho husoma peke yake. Mpaka leo lazima nitamke, na kidole kiende na neno, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kwa hiyo nikisoma, nasikika. Na nikikwama, nakwama watu wakisikia.

Siku aliyonigundua, binti yangu Saida alikuwa ameacha kitabu cha shule juu ya mtungi. Nilikuwa nimebandika maharage ya kuuza asubuhi, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, sina la kufanya. Nikakifungua. Kulikuwa na hadithi ya punda aliyeingia darasani. Nikawa naisoma, neno kwa neno, nikicheka mwenyewe. Ukuta ukagongwa.

"Nani huyo anasoma?"

"Mtoto, jirani."

"Mtoto ana sauti ya mtu mzima?"

Uso ulinichoma kuliko jiko.

"Ni mimi, jirani."

"Basi rudia hapo punda alipoingia. Umeparuka, sikusikia mwalimu alisemaje."

Kesho yake aliniletea kitabu chembamba cha watoto. Alikuwa amekivika jalada la gazeti, amelikunja vizuri pembeni na kulibana kwa uzi. Nilidhani anakihifadhi kisichafuke. Siku gazeti lilipochanika ndipo nikaona chini yake picha ya mtoto mdogo na mpira, nikaelewa kwamba alikuwa amenifichia. Hakuna aliyejua pale mtaani kwamba mama wa watoto watatu anasoma kitabu cha mtoto wa darasa la pili. Alijua yeye, nami nikajua kwamba anajua.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu mpole. Hakuwa. Nilipomwambia sina nafasi ya kusoma, alinikata kauli.

"Nafasi unaingoja itoke wapi? Una mume, una watoto, una maharage. Nafasi haitakuja hapo kwako, imesikia makelele. Maharage unapika kila siku?"

"Kila siku."

"Yanachukua muda gani?"

"Mpaka yaive."

"Basi huo ndio wako. Yakibandikwa, fungua. Yakiiva, funga, hata kama mtu amechomwa kisu katikati ya ukurasa. Siku hujapika, usisome, pumzika. Lakini siku umepika hujasoma, mimi nitasikia."

Na alisikia kweli. Tukawa na desturi yetu. Nikibandika sufuria na kukaa juu ya mbuzi, upande wa pili kitanda kinalia, najua amesogea. Akigonga mara moja, maana yake rudia. Akigonga mara mbili, endelea. Mengine hakusema. Sikumwomba anisikilize, na hakuniomba nimsomee. Kila mmoja alikuwa nyumbani kwake.

Maharage yalianza kuungua. Si kila siku, lakini mara kwa mara hadithi ilinishika nikasahau kuongeza maji, na harufu ikafika barabarani. Fundi baiskeli wa pale kona, ambaye sauti yangu ilimfikia kazini na ndiye mteja wangu wa kwanza kila asubuhi, alikuwa akionja kijiko kimoja tu anajua.

"Mama Saida, jana hadithi ilikuwa tamu, eh?"

"Kula uondoke."

"Si nakula. Nauliza tu, huyo bwana harusi alipatikana? Maana naona haya yameungua mpaka kwenye nazi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa kama mtu aliyevuliwa mtandio.

Mume wangu naye alilalamika udi. Vitabu vya Jirani vilinukia hata mwezi mzima, na nilipokuwa nikilala na kitabu chini ya mto, chumba kizima kilikuwa kinanukia. "Kila siku udi," alisema, "na mimi sijafanyiwa shughuli yoyote." Nilimwambia ni nyumba ya Jirani inavuja harufu. Sikumwambia kitabu. Nilikuwa naona haya hata kwa mume wangu.

Jirani alivipata vitabu kwa njia mbili. Kuna mtu aliyekuwa anatandika turubai karibu na soko, anauza vitabu vikuukuu. Na kuna mpwa wake Jirani, dereva wa basi la Mombasa, ambaye alimletea vya huko anaporudi kupitia mpaka wa Horohoro. Siku moja alinichukua tukaenda wote kwenye turubai. Alichuchumaa, akachukua kitabu, hakutazama jalada wala mwanzo. Akakifungua katikati, akasoma ukurasa mmoja mzima huku muuzaji anamwangalia, akakirudisha. Akachukua kingine, hivyo hivyo.

"Bibi, unanunua au unasoma?" muuzaji akauliza.

"Nyanya nazibonyeza. Samaki namfunua mashavu. Kitabu nisikisome?"

Nilimuuliza njiani anatafuta nini huko katikati. Akasema anatazama kama mle ndani kuna mtu anayetaka kitu. Akitaka mume, au shamba, au kumwua ndugu yake, si neno, bora anataka. "Kama hataki kitu, mimi nitamfuatia nini?" Mwanzoni, alisema, kila mwandishi amevaa nguo za Idi. Katikati ndipo unamkuta alivyo nyumbani.

Kanuni yake hiyo aliivunja mwenyewe. Safari moja mpwa wake alikuwa na haraka, akanunua kitabu cha kwanza alichokiona, na kilipofunguliwa kikawa ni mwongozo wa kufuga kuku wa kienyeji. Nikadhani atamtukana. Alikisoma chote. Nilimkuta kibarazani, miwani puani, nikamuuliza unafuga kuku lini wewe.

"Hebu nyamaza. Kuna kuku humu ameugua kideri toka mwanzo, nataka nijue kama atapona."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, hapatani na maneno yake. Vitabu alikuwa anavionea choyo. Hakukuazima viwili kwa pamoja, na ukikunja pembe ya ukurasa hakukusamehe. Lakini yeye mwenyewe alisoma huku anakula machungwa ya Muheza, na kila kitabu kilichopita mikononi mwake kina madoa ya njano, hasa pale hadithi inapokolea. Nilipokuwa sijui kama sura inayokuja ni nzuri, nilikuwa natazama madoa.

Kipo kitabu kimoja kinene alichonipa ambacho hakikuwa na doa hata moja. Mwanawe aliyesoma sana alikuwa amekisifu. Nilikisoma wiki nyingi. Kila nikibandika maharage nilitamani yaive upesi. Maneno niliyaelewa moja moja, lakini yakikaa pamoja yalikuwa hayaniambii kitu. Niliona kasoro iko kwangu. Nikaacha kusoma. Sikumwambia, nilikuwa napika kimya, na nikitoka napitia mlango wa uani ili nisipite mbele ya kibaraza chake. Mwisho akanidaka bombani.

"Kile kitabu kimekushinda au kimekuchosha?"

"Kimenishinda, jirani."

"Muongo. Ungeshindwa ungekuja kuniuliza. Umechoka. Mimi mwenyewe nilikomea mlangoni pake, sikuingia."

"Sasa ulinipa kwa nini?"

"Nilitaka mtu anisimulie."

Nilimrudishia, lakini sikuchukua kingine. Nilikuwa nimeshazoea kukaa kimya jikoni, na mazoea ya kuacha hayahitaji msaada. Ikapita miezi. Hakunisema. Halafu siku moja, nimebandika sufuria, nikasikia upande wa pili anasoma yeye. Kwa sauti. Hakuwahi kufanya hivyo. Ilikuwa habari ya mwizi aliyeingia nyumba ya tajiri, tajiri akarudi ghafla, mwizi akajitumbukiza ndani ya pipa la maji. Tajiri akasema ana kiu. Akachukua kata. Akaenda kwenye pipa.

Kimya.

Nikangoja. Nikakoroga maharage. Kimya tu. Nikagonga ukuta mimi.

"Jirani! Ikawaje?"

"Ikawaje nini?"

"Si yule mwizi! Kwenye pipa."

"Kumbe upo! Mimi nadhani hapo jikoni wamehamia majini. Kitabu kiko hapa, njoo ukichukue. Na ujifute masizi kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyorudi, na toka hapo sikuacha tena. Nilijifunza pia kurudisha kitabu kisichonishika bila kujitafutia sababu. Lakini hata hilo la mwizi hakuliacha likapita salama. Tulikuwa kwenye shughuli ya harusi mtaani, wanawake tumekaa ukumbini tunachambua mchele kwenye masinia. Yeye yuko upande ule, mimi upande huu, akanipigia kelele juu ya vichwa vya watu.

"Jirani! Yule mwizi ametoka kwenye pipa?"

Wote wakageuka. "Mwizi gani tena?"

"Wa kitabuni. Hamjui? Huyu siku hizi anasoma riwaya."

"Huyu?" akasema mmoja. "Huyu wa maharage? Anasoma nini, punje zake?"

Kile kicheko nakikumbuka mpaka leo. Niliinamisha kichwa nikawa natafuta chuya kwenye mchele ulio safi. Yule yule aliyenifichia picha ya mtoto na mpira kwa gazeti alikuwa amenifunua mbele ya mtaa mzima, na nilipomtazama alikuwa anacheka naye, tena hana habari. Siku kadhaa sikumwamkia ukutani. Hakuja kuniomba radhi. Alipokutana na mimi alisema tu, "Umenuna? Walitakiwa wakujue." Sikuelewa wakati ule na sina hakika kwamba naelewa sasa. Labda hakuwa na maana yoyote. Labda alikuwa tu mtu mwenye mdomo mwepesi.

Na kuna tabia yake moja ambayo nilipoigundua niliona kama nimemfumania. Alianza kusoma mwisho. Kitabu kipya kikiingia, anakaa, anafungua ukurasa wa mwisho, anausoma, anatikisa kichwa, ndipo anarudi mwanzo. Mimi alinikataza hilo kwa ukali. Nikamwambia mbona wewe.

"Mimi mtu mzima. Naweza kuondoka katikati. Nibaki na dukuduku kaburini? Wewe bado una miguu, tembea ufike."

Kitabu chetu cha mwisho kilikuwa cha mjane. Mumewe amekufa, na katika msiba ndipo anasikia kwamba alikuwa na mke mwingine, mji wa mbali. Anafunga duka lake na kuondoka kwenda kumtafuta mke mwenziwe ambaye hajapata kumwona. Kilikuwa na madoa ya machungwa mpaka kurasa za katikati tu. Toka hapo kilikuwa safi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha nguvu, akawa ananitegemea mimi na sufuria yangu.

Kisha akaugua. Wanawe wakaja kutoka Dar es Salaam pamoja na mjukuu wa kike anayesoma chuo kikuu. Nyumba ikajaa watu, sauti zikawa zinapita ukutani, Kiswahili kizuri kilichonyooka, na Kiingereza katikati. Nikabandika maharage, nikakaa kwenye mbuzi, nikafungua kitabu. Mdomo ukakataa. Niliwasikia wao vizuri, kwa hiyo nao wangenisikia. Nikafunga. Kesho yake vile vile. Nilijiambia mgonjwa anahitaji utulivu. Haikuwa kweli.

Nilikwenda kumtazama na bakuli la uji. Alikuwa amelazwa ubavu, uso ukutani, mkono umeegemea chokaa. Mjukuu wake alikuwa ameketi miguuni na simu.

"Shikamoo, jirani."

"Marahaba. Maharage siku hizi hayachemki?"

"Yanachemka."

"Mbona sisikii?"

Nilimtazama mjukuu, naye Jirani, ambaye nilidhani haoni tena, akaona.

Mjukuu akasema kwa adabu, "Bibi, kama unataka kusomewa si uniambie? Nipe hicho kitabu nikusomee vizuri, leo leo tunakimaliza."

"Wewe unasoma kama taarifa ya habari. Yametokea kwingine, wewe huna habari nayo." Akapumua kidogo. "Huyu anasoma kama mtu aliyedondosha pete mchangani."

Mjukuu akacheka. Mimi nikatazama chini. Ninajua alinisifu, watu wameniambia hivyo baadaye nilipowasimulia. Pale sikuona sifa. Niliona binti wa chuo kikuu ameambiwa namna ninavyosoma.

"Jirani," nikasema, "mwisho si unaujua? Ulishausoma."

"Naujua. Nilimwacha amefika mlangoni kwa mke mwenziwe. Nataka kumsikia akipiga hodi."

"Mjukuu wako yupo..."

"Mimi nina ukuta wangu," akasema. Akafumba macho, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nikarudi nyumbani. Nikachambua maharage, nikabandika. Nilikaa juu ya mbuzi muda mrefu kitabu kimefungwa. Upande wa pili walikuwa wanazungumza, wanawe wote, mtu anacheka. Nikasema, nitasoma chini chini. Lakini chini chini asingesikia, alikuwa amedhoofika hata masikio. Ikabidi kwa sauti. Nikafungua pale mjane alipofika mlangoni. Nikaweka kidole.

Nilisoma mstari wa kwanza na kule wakanyamaza. Wa pili nikakutana na neno refu, nikalikata vipande vipande, nikaliunganisha vibaya, nikaanza tena. Nikasikia msichana akicheka, kicheko cha kubanwa, kisha mtu mzima akisema, "Nani huyo?" Nikafika pale mjane aliponyanyua mkono na kupiga hodi.

Ukuta ukagongwa. Mara moja, tena kidogo sana, kama kucha.

Rudia.

Nikarudia. Neno lile refu likanikwamisha pale pale, na kicheko kikatoka tena. Hodi. Ukuta ukagongwa mara moja. Nikarudia mara ya tatu, na sasa machozi yananitoka kwa haya, si kwa huzuni, nisidanganye. Nikanusa maharage yanashika chini. Sikuinuka. Mjane akapiga hodi, na ndani mtu akauliza, "Nani?"

Kule hakuna aliyecheka. Ukagongwa mara mbili.

Nikaendelea, nikasoma mpaka ukurasa ukaisha, na sufuria ikawa nyeusi tii.

Asubuhi fundi baiskeli alikuja na sahani yake. Nilimwambia leo hakuna, yameungua yote. Akatazama ndani ya sufuria, akapiga mluzi.

"Lo, Mama Saida. Hii ya jana ilikwishaje?"

Kilio upande wa pili kilikuwa bado cha chini chini, fundi alikuwa hajakisikia. Mimi nilikuwa nimekisikia toka alfajiri.

"Haijaisha," nikamwambia.